Sauti Ndani ya Helmeti

Mkalimani hasemi, "Bwana huyu anasema anaumwa na kifua." Anasema, "Naumwa na kifua." Ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi niliyoifanya London mpaka nilipostaafu: unasema yote, huongezi, hupunguzi, na unayasema kana kwamba ni yako. Katika kazi hiyo nimekuwa kijana wa Mombasa aliyekamatwa na gari si lake. Nimekuwa mama wa Kikongo anayeulizwa tarehe za kuzaliwa watoto ambao hajui kama wako hai. Nimekuwa bibi wa Pemba anayekataa katakata kukatwa mguu, na daktari aliyekuwa akimbembeleza naye nikawa mimi, kwa hivyo nilikuwa nabishana na nafsi yangu huku wao wawili wakitazamana. Nimesema "nalia" kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Jioni nikirudi nyumbani Harrow nilikuwa natia chai kikombeni, nakaa, na sitaki mtu aniulize hata hali.

Naandika haya nina hasira. Nasema mapema ili msomaji asikae akingojea ukurasa ambao nitapoa.

Nilipostaafu nilitaka kitu kimoja, kunyamaza. Sikutaka kunyamaza nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna simu na kuna mlango. Nilitaka kwenda mbali, peke yangu, niendeshe kutwa nzima bila ya mtu kunihitaji niseme kitu, na nilitaka kwenda kwa pikipiki. Zamani, nilipokuwa mwalimu kijana Unguja, nilikuwa na honda ndogo niliyokwenda nayo kufundisha shamba. Nilikuwa nalikunja buibui nalikalia vizuri lisije likaingia kwenye gurudumu, na yale maili kati ya mji na skuli yalikuwa ndiyo wakati wangu. Wanafunzi walikuwa hawajaanza kuuliza, na nyumbani wameshakwisha kuniagiza. Nimeishi London zaidi ya nilivyoishi kwetu, na wakati kama ule sijaupata tena.

Lakini watu walikuwa na mpango wao na kustaafu kwangu. Wiki ile ya kwanza simu ililia kuliko nilipokuwa kazini. Mmoja ana barua ya nyumba haifahamu. Mwengine ana miadi Croydon, kwenye lile jengo kubwa la uhamiaji, anataka nimsindikize "kukaa tu." Nikisema siwezi, naulizwa kwa mshangao wa kweli, "Kwani we si umestaafu? Una kazi gani?" Mwanangu, ambaye ndiye mtoto wangu wa pekee, alikuja na mkewe Jumapili na keki, wakanieleza siku ambazo nitakaa na wajukuu. Hawakuniomba, walinieleza. Walikuwa wameshazigawa, na skuli ya watoto wadogo wameshaiambia.

Nikala keki. Kisha nikaenda kujiandikisha kujifunza pikipiki.

Mwalimu wangu alikuwa Singasinga wa makamo, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa akifundisha kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya maduka ya Harrow. Alipogundua ninatoka wapi alikiacha Kiingereza pale pale. "Mama, hii si punda," aliniambia siku ya kwanza nilipokuwa nahangaika na gia. "Usiipige teke. Iguse tu, itaelewa." Nilianguka mara kadhaa, nikafeli mtihani mara moja, nikaufaulu. Nikanunua pikipiki ya buluu ya mkono wa pili, ya cc mia tano, nikaiweka mbele ya nyumba, mahali ambapo marehemu mume wangu alikuwa akiegesha gari. Ramani niliitandika juu ya meza ya kulia chakula: kutoka London moja kwa moja kaskazini, Skotilandi, mpaka ile pwani ya juu kabisa ambapo barabara inakwisha.

Habari zilienea haraka. Kwenye mgahawa mmoja Edgware Road, tulipokutana kina mama baada ya kununua vitambaa vya harusi, shoga yangu mmoja aliniuliza mbele ya wageni kutoka Muscat kama mwanangu kaninyima gari. Mwengine akasema labda natafuta mchumba wa Kizungu, wale wenye ndevu na makoti ya ngozi. Nikawajibu kwamba nikimpata nitamleta awatengenezee magari yao. Tukacheka sote, lakini niliporudi nyumbani nilikuwa naungua.

Walikuwa hawanizuii, hata hivyo. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa na uwezo wa kunizuia, naye ni dada yangu.

Kwetu mtu haondoki safari ndefu bila ya kuaga na kuomba radhi. Unakwenda kwa mzazi, unakaa chini, anakushika kichwa, anasoma, anasema, "Nenda, nimekuwia radhi." Ukiondoka bila ya hiyo, lolote litakalokupata njiani lina jina: kukosa radhi. Mama yetu alifariki mimi mdogo sana, dada ndiye aliyenilea, kwa hivyo radhi za mama ziko kwake. Nilipokuja Ulaya aliniwia radhi. Nilipokwenda Hija aliniwia radhi. Hata nilipokwenda kufanyiwa upasuaji wa nyongo nilipiga magoti kwanza kwenye zulia lake.

Anakaa Croydon, kwenye fleti karibu na njia ya tramu. Alifanya kazi ya kusafisha maofisi mpaka mgongo ukamkatalia. Lakini kwa watu wetu kazi yake ni nyengine: dada ni mkosha maiti. Akifa mwanamke wetu yeyote London, hata awe hakuwa na jamaa, simu inakwenda kwake, na yeye anachukua mfuko wake wenye mkasi, karafuu maiti na glovu, anapanda treni. Kiingereza chake ni cha basi na cha soko. Hakupata kukihitaji zaidi, kwa sababu maiti hawaulizi, na kwa walio hai alikuwa na mimi. Siku nilizokuwa na kazi kwenye lile jengo la Croydon nilikuwa napita kwake kula mchana. Nilikuwa namweleza kazi yangu ilivyo, na yeye alikuwa anashangaa. "Na wewe ukiwa na lako la kusema?" aliwahi kuniuliza. Nikamwambia mkalimani hana lake. Akatikisa kichwa, akanipakulia.

Nilitaka kwenda kumuaga kwa pikipiki, aione. Mwanangu akasema tutakwenda kwa gari, na yeye atakuja, kwa sababu ana la kumwambia mama mkubwa wake.

Hapo inabidi nieleze jambo. Mwanangu amezaliwa hapa. Kiswahili cha jikoni anakifahamu chote: kula, njoo, funga mlango, umeiweka wapi. Kukisema hakisemi. Ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Alikuwa anataka kwenda kunishitaki kwa dada yangu, na hana ulimi wa kunishitakia. Ulimi aliokuwa nao ni wangu.

Tulipofika Brixton, kwenye foleni ya magari, aliniambia, "Mama, tafadhali utafsiri kila kitu. Usipunguze."

Nimefanya kazi ile mbele ya mahakimu, na hakuna hata mmoja aliyepata kuniambia hivyo. Nikatazama dirishani mpaka Croydon.

Dada alikuwa ametia ubani. Kulikuwa na mikate ya ufuta na chai ya maziwa, na mwanangu alibusu mkono wake na kuulizwa habari za watoto, akajibu "wazima," ambalo ni neno analoliweza. Mimi nilikwenda kukaa kwenye zulia mbele ya dada, kama kawaida. Mwanangu akaniomba niinuke nikae kwenye kiti, kati yao. Nikainuka. Najua vizuri mahali pa mkalimani: hakai upande wa mtu.

Akaanza. Nami nikaanza.

"Mama mkubwa, nina wasiwasi na mama yangu," nilimwambia dada yangu. "Ana miaka sitini na saba. Goti lake la kulia halikunji vizuri. Anataka kwenda peke yake mahali ambapo simu haishiki. Na sasa ameanza kusahau. Mwezi uliopita aliacha jiko linawaka."

Dada akanitazama. "Ni kweli?"

"Unaniuliza mimi au unamuuliza yeye?"

"Muulize yeye."

Nikamuuliza mwanangu kwa Kiingereza kama ni kweli mama yake aliacha jiko linawaka. Akasema ni kweli. Nikamwambia dada, "Ni kweli." Jiko aliliacha mkewe, alipokuja kuchukua watoto akapasha maziwa. Lakini mkalimani si shahidi. Nikanyamaza na jiko langu.

Wakaendelea. Nilivyokuwa najua kazi, ndivyo walivyonisahau. Hutokea hivyo kila mara mkalimani akiwa mzuri: baada ya dakika chache watu wanaacha kumtazama, wanatazamana wao kwa wao, na yeye anakuwa kama hewa iliyo katikati. Nimeliona hilo hospitalini na mahakamani na nikalionea fahari. Siku ile nilikuwa hewa kwenye kikao cha kunijadili mimi. Mwanangu alisema kwamba baada ya kufiwa nimekuwa mtu wa maamuzi ya ghafla. Nikalisema. Dada akasema tangu utotoni nilikuwa kichwa kigumu, na marehemu mama alikuwa akinifunga kamba ya kanga mguuni nisitoke uani. Nikalisema, kwa Kiingereza kizuri, na mwanangu akatabasamu, kwa sababu alikuwa hajaisikia.

Kisha dada akaweka kikombe chini.

"Mwambie, mie nimekosha wanawake wa watu nchi hii mpaka mikono imekwisha alama za vidole. Mwambie kuna mmoja alifia mbali, mji mdogo huko, kaenda kumtembelea mkwewe. Alilala kwenye friji la hospitali hata tukapata habari, maana hapana mwanamke wa Kiislamu wa kumgusa, na wale hawajui wafanye nini. Nilipofika nilimkuta hivi alivyokufa, na soksi zake miguuni. Mwambie mwosha huoshwa, tunajua, lakini huoshwa na nani? Mamake akifa huko juu nani atamkosha? Wale kondoo wa huko milimani?"

Nikayasema yote, na soksi, na kondoo. Mwanangu alicheka kidogo kwenye kondoo, kisha uso ukambadilika. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtoto niliyekuwa nikimpeleka skuli.

"Mimi sitaki kuwa mtu wa kupigiwa hiyo simu," nilimwambia dada kwa niaba yake. "Mimi nimeshamzika baba yangu."

Kinywa changu kilisema "baba yangu" juu ya mume wangu, na kikasema kwa sauti ya ratiba ya treni, kwa sababu ndivyo kilivyozoea. Dada alifuta macho. Mwanangu naye akatazama pembeni. Wawili hao, kwa msaada wangu, walikuwa wamenililia nikiwa hai, na mimi nimekaa katikati yao mkavu, kwa mujibu wa kanuni.

"Mwambie sitoi radhi," dada alisema.

Nikamwambia mwanangu, "Sitoi radhi." Halafu nikasema kwa Kiswahili, "Sasa nasema mimi."

"Wewe nani?" dada aliuliza. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa amepotea kidogo.

"Mimi, mdogo wako. Nimesema maneno ya watu umri mzima. Leo nimeyasema yenu, hata ya kunizika. Na hapana mmoja wenu aliyeniuliza nakwenda kutafuta nini."

"Haya, unakwenda kutafuta nini?"

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga tangu Brixton, kwa utaratibu, hoja kwa hoja. Likatoka neno moja. "Kimya."

"Kimya kipo kaburini, mdogo wangu," dada alisema. "Kinakungoja, wala hakina haraka." Akainuka kwenda kupasha chai.

Tuliporudi, mwanangu aliendesha kwa upole sana, kama aliyebeba mgonjwa. Alisema anadhani mazungumzo yamekwenda vizuri.

Nitasema kilichonikasirisha zaidi, kwa sababu nimekichunguza. Ningeweza kupunguza. Ningeweza kuyapoza maneno ya mwanangu, nikampa dada yangu kijana asiyekuwa na hakika, na dada angenishika kichwa na kunisomea. Hawangejua mpaka leo. Wote wawili walijua kwamba sitafanya hivyo, na walinitumia kwa sababu walijua. Uaminifu wangu ndio walionifungia mlango nao.

Niliondoka bila ya radhi. Nilimpigia dada siku tatu mfululizo na hakupokea. Mwanangu, aliposhindwa kunizuia, aliamua kunisimamia. Alitia kwenye helmeti yangu kispika kidogo na maiki, ili simu ikilia niipokee bila ya kusimama, na kwenye simu akatia kitu cha kumwonyesha niko wapi. Nilikubali kwa kuwa nilikuwa nimechoka kukataa. Ilikuwa alfajiri, nimeshasali, nimevaa mtandio chini ya helmeti na koti juu ya koti. Alinifungia kamba ya kidevu mwenyewe, akaikaza mno.

Safari yenyewe haikuwa kama nilivyoiona mezani. Motowei ya kaskazini ni kelele na malori, na upepo wa lori ukikupita unakusukuma kama mkono wa mtu. Nililala kwenye vyumba vya kukodi ambavyo wenyewe walikuwa wananitazama mara mbili nikivua helmeti na kubaki na mtandio. Nilisali nyuma ya vituo vya mafuta, juu ya koti la mvua. Waendesha pikipiki wengine walikuwa wananipungia mkono njiani, wanaume watu wazima, hawajui ni nani ndani ya helmeti, na hilo lilinipendeza kuliko kitu chochote.

Lakini kimya sikukipata. Kwanza, simu ilikuwa inalia sikioni. Nikiwa napita karibu na Preston, mwanamke mmoja wa Harrow aliniuliza niko wapi na hapo hapo, bila ya kungoja jibu, akasema, "Nina mtu wa idara ya nyumba hapa, nakupa umwambie ule ukuta una maji." Nikakata. Akapiga tena, nikakata tena, na nakiri kwamba nilifurahi. Pili, hata simu isipolia, ndani ya helmeti mlikuwa na watu. Nilikuwa nagombana nao kuanzia asubuhi mpaka nizime injini. Nilimweleza mwanangu habari za jiko. Nilimwambia dada kwamba mwanamke aliyekufa na soksi miguuni alikuwa amekwenda kwa mkwewe, mahali panapokubalika, kwa ruhusa ya kila mtu, na bado alikufa. Nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu, katika mvua ya Skotilandi, na maneno yalikuwa yangu, na hapana aliyesikia hata moja.

Siku moja, kwenye kona yenye changarawe baada ya Inverness, gurudumu la nyuma liliteleza. Halikuniangusha. Liliteleza tu, likashika tena. Lakini kabla ya hofu kunifika, kabla ya kitu chochote, kichwani lilipita neno moja: radhi. Nikasimama kando, na hasira niliyokuwa nayo juu ya dada yangu ilizidi ya siku ile Croydon. Changarawe ni changarawe. Yeye ndiye aliyeipa jina, akakaa zake Croydon, na mimi natembea nalo.

Baada ya hapo barabara inakuwa nyembamba, ya gari moja, na kila baada ya mwendo kidogo kuna mahali palipopanuliwa ili mmoja ampishe mwenziwe. Mtandao wa simu unapotea. Nikaendesha karibu asubuhi nzima bila ya sauti yoyote isipokuwa yangu. Nikapanda kilima, na juu ya kilima, mawasiliano yakarudi, simu ikalia. Nikaitazama. Alikuwa dada.

Nikaingia kwenye ile sehemu ya kupishana, nikazima injini. Sikuvua helmeti.

Hakunipa hata salamu. "Skiza. Niko hospitali hapa, kwenye meza ya mapokezi. Mkalimani wao leo hayupo. Huyu msichana ananiuliza maneno mengi. Sema naye."

Kabla sijasema lolote ikaja sauti ya msichana wa Kiingereza, yenye haraka na adabu, akaniuliza kama mimi ndiye ninayemsaidia bibi huyu. Nilikuwa na maneno ya safari nzima yaliyojaa kinywani. Nikayameza. Nikasema ndiyo.

Aliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, dawa zinazomdhuru. Nikauliza, nikajibu. Akauliza kimemleta nini.

"Kizunguzungu," dada alisema. "Tangu juzi. Jana nimeanguka msalani, lakini sikuumia."

"Nina kizunguzungu tangu juzi," nilisema kwa Kiingereza, na mbele yangu hakuna kitu isipokuwa majani ya rangi ya kutu na wale kondoo. "Jana nimeanguka msalani, lakini sikuumia." Moyo wangu ulikuwa unapiga ndani ya koti, na sauti yangu ilikuwa ile ile ya ratiba.

Akauliza ndugu wa karibu ni nani.

"Mdogo wangu," dada alisema. "Huyo huyo unayesema naye."

Msichana akauliza kama huyo mdogo wake anaweza kuja leo, kwa sababu daktari akimaliza hawatataka aende nyumbani peke yake. Nikamfikishia dada swali. Nilisikia vishindo vya hospitali, kitoto kinalia, mtu anaitwa kwa jina la Kihindi.

"Mwambie hawezi," dada alisema. "Mwambie yuko safarini, mbali. Mwambie kaondoka na radhi yangu."

Mkalimani anasema yote. Hapunguzi. Nikasema, "Hawezi kuja. Yuko safarini, mbali sana. Ameondoka na radhi yangu." Kiingereza hakina neno lenyewe, nikatumia lililo karibu.

"Vizuri sana," msichana alisema. "Sasa kuna mwengine anayeweza kukuchukua?"

Dada yangu anajua kazi yangu. Kanilisha mchana miaka mingi nikimweleza kanuni zake. Alijua kwamba mkalimani hajibu, habishi, haongezi. Nilikuwa na haki ya kuambiwa neno lile nikiwa nimekaa kwenye zulia, mkono wake kichwani mwangu. Akampa msichana asiyemjua, aliyelichukua kama mtu anavyochukua habari za hali ya hewa, na dada akalisema kana kwamba alikuwa ameshalitoa siku nyingi. Na mimi ndiye niliyelibeba kutoka kinywani mwake, nikalipitisha kwangu, nikalitoa nje, bila ya kulijibu. Sijui kama alifanya hivyo kwa kuona haya au kwa ujanja. Namjua: kwa vyote viwili.

Nikamwambia msichana kwamba atakuja mpwa wake, nikampa namba. Kisha simu ikarudi kwa dada.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Yote?"

"Yote. Dada, umeanguka tangu jana, na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mkalimani wangu yuko kwa kondoo." Akakohoa. "Usirudi. Ukirudi utasema umerudi kwa ajili yangu, na maneno hayo sitayaweza. Funga koti." Akakata.

Nikampigia mwanangu. Alishtuka, akasema anatoka kazini sasa hivi. Halafu akaniuliza, watazungumza vipi, yeye na mama mkubwa, mle hospitalini, kutwa nzima? Nikamwambia sijui. Akasema nibaki kwenye simu, atawasha spika. Nikamwambia hapana. Akadhani sijasikia, akarudia. Nikamwambia hapana mara ya pili, kwa Kiswahili, na nikakata.

Nikavua helmeti. Kile kispika kimebandikwa ndani kwa kitambaa cha kunata. Nikakivuta, kikatoka na uzi wake, nikakitia mfukoni.

Usiku ule mwanangu aliniandikia kwamba ilikuwa presha, vidonge vimezidi, wamempunguzia. Aliandika kwamba walikaa mpaka magharibi, wakala chipsi, na mama mkubwa alimweleza kitu kirefu sana kwa mikono, na anafikiri kilikuwa juu yangu na kamba ya kanga. Sikumjibu kama alifahamu sawa.

Lakini hayo ni ya usiku. Pale kilimani nilivaa helmeti tena, nikawasha, nikashuka upande wa pili kuelekea kaskazini. Na kutoka pale mpaka barabara ilipokwisha, kwenye ukuta wa mawe na bahari ya kijivu, nilimjibu dada yangu. Nilimjibu kwa sauti, kwa Kiswahili, kila neno alilostahili, nikarudia yaliyo muhimu. Sikuyatafsiri kwa mtu yeyote.